Kutoka Sigara Kwenda Vepu Bila Kukiumiza Kifua Mara ya Pili

Kila wiki kuna mtu ananifuata Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, pale ninapotengenezea mashine za boti, ananivuta pembeni na kuuliza swali lilelile: "Fundi, nasikia uliacha sigara kwa vepu. Na mimi nianzeje? Kifua kitapona?" Wengine wanakuja na kifaa tayari mfukoni, walichonunua bila kuuliza. Asubuhi wanavuta vepu, jioni wanavuta sigara, na wanashangaa kwa nini kikohozi hakiondoki. Nimejibu mpaka nimeona bora niandike, ili anayeuliza nimpe asome kwa utulivu, kwa sababu jambo lenyewe halitoshi kuelezwa mtu akiwa amesimama na kamba ya mtumbwi mkononi.

Nilivuta sigara miaka 17. Vepu, yaani sigara ya kielektroniki, niliitumia miezi saba. Leo sivuti chochote. Mimi si daktari, na kuna mahali humu nitakwambia uende hospitali. Nikisema hivyo, nenda.

Jambo moja lishike kabla ya yote: vepu ni kama kivuko cha Kamanga. Unapanda upande huu, unashuka upande ule. Hakuna anayejenga nyumba ndani ya kivuko.

Nani asiendelee na mwongozo huu

Kama hujawahi kuvuta sigara, vepu haikuhusu. Utakuwa unajitafutia uraibu ambao hukuwa nao. Vijana wa chuo wanaonunua zile zenye ladha ya embe kwa sababu zina harufu nzuri, ninawasihi kama kaka: wekeni chini. Nikotini inakamata haraka, na ubongo wa kijana unakamatwa zaidi.

Kama ni mjamzito, usianze vepu kwa ushauri wa fundi. Mweleze mkunga kliniki kwamba unavuta, bila kuona haya. Kama una pumu, au umewahi kulazwa kwa ajili ya kifua, ongea na daktari kwanza.

Kama umekohoa wiki mbili au zaidi, unatoka jasho usiku, au umepungua uzito bila sababu, pima TB kabla ya kufanya lolote. Wavutaji tunajidanganya sana hapa. Tunasema "hiki ni kikohozi cha fegi" kumbe ni kifua kikuu, na sigara yenyewe huongeza uwezekano wa kukipata. Kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa za TB ni bure.

Kinachotokea kifuani, kwa kifupi

Kinachoua kwenye sigara ni moshi. Tumbaku ikiungua hutoa kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Kuna lami inayoganda kwenye mapafu, na kuna kaboni monoksaidi, gesi ileile inayotoka kwenye ekzosi ya jenereta. Gesi hiyo inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ndiyo maana mvutaji anapanda mlima mdogo tu anahema kama aliyebeba gunia la dagaa.

Vepu haichomi kitu. Betri inapasha koili, yaani waya mdogo wa kupasha moto, koili inageuza maji yenye nikotini kuwa mvuke. Hakuna lami, na kaboni monoksaidi ni kidogo mno. Kwa sababu hiyo, mwaka 2015 taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilikadiria kwamba vepu ina madhara pungufu kwa karibu asilimia 95 ukilinganisha na sigara. Wataalamu wengi waliipinga namba hiyo, na Shirika la Afya Duniani linaendelea kuonya juu ya vifaa hivi. Mvuke nao una chembechembe ndogo na kemikali zinazowasha njia za hewa. Halafu kifaa chenyewe kilibuniwa China mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo hakuna mtu duniani aliyekivuta miaka 40 tukaona mapafu yake yalivyokuwa. Kusema kina nafuu kuliko sigara ni kweli. Kusema ni salama si kweli. Mapafu yaliumbwa kwa ajili ya hewa.

Na wanaoniuliza kuhusu shisha: hiyo si vepu. Shisha ina mkaa unaoungua na tumbaku, moshi ni moshi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo au simu, kwa ajili ya kuhesabu sigara.
- Tarehe maalumu ya kuacha, ndani ya wiki mbili zijazo.
- Kifaa cha kujaza, chenye betri ya kuchaji na koili ya kubadilisha.
- Maji ya vepu yaliyofungwa, yenye lebo inayoonyesha kiasi cha nikotini.
- Koili mbili za akiba. Ukikosa koili usiku, utanunua sigara.
- Chaja ya kawaida ya simu ya volti 5, isiwe ile ya kuchaji haraka.
- Chupa ya maji ya kunywa, na kitu cha kutafuna: karanga, muwa, bigijii.
- Mtu mmoja anayejua unachofanya. Mimi alikuwa dada yangu.

Kabla hujanunua kifaa, pita famasi kubwa mjini uulizie bigijii au plasta za nikotini. Ukizipata na ukazimudu, anza na hizo. Haziendi kwenye mapafu kabisa, na zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, shirika linalokusanya na kulinganisha tafiti za tiba, yanaonyesha kwamba kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha, wanaotumia vepu yenye nikotini hufaulu 8 hadi 10, wanaotumia bigijii au plasta hufaulu kama 6, na wasiotumia vyote hivyo hufaulu kama 4. Kwa hiyo vepu inasaidia, ila si muujiza. Wengi hawafaulu safari ya kwanza. Nami sikufaulu safari ya kwanza.

Hatua kwa hatua

1. Hesabu sigara zako siku saba bila kupunguza. Andika kila moja: saa ngapi, uko wapi, uko na nani. Andika hasa ile ya kwanza ya asubuhi. Ukiiwasha ndani ya dakika 30 baada ya kuamka, uraibu wako ni mkubwa na utahitaji nikotini ya kutosha mwanzoni. Mimi niligundua kwamba kati ya sigara zangu 15, sita zilikuwa za kijiweni kwenye kahawa, na nyingine zilikuwa za kungoja: kungoja mteja, kungoja spea, kungoja boti zirudi. Jua zako ni za nini.

2. Mwambie daktari dawa unazotumia. Hili wengi hawalijui. Moshi wa sigara unalifanya ini livunje baadhi ya dawa haraka kuliko kawaida. Ukiacha moshi, dawa ileile kwa kipimo kilekile inaweza kuzidi mwilini. Wenye pumu wanaotumia aminofilini waseme mapema, na wanaotumia dawa za magonjwa ya akili pia. Hata kahawa ni hivyohivyo: ukiacha sigara, kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Ukiendelea na vikombe vyako vinne vya kahawa chungu utatetemeka mikono na kukosa usingizi, kisha utasema ni arosto, yaani mwili kudai nikotini. Punguza vikombe kwa nusu.

3. Chagua nguvu ya nikotini. Lebo husema miligramu kwa kila mililita, au asilimia. Asilimia 2 ni sawa na miligramu 20. Aliyekuwa anavuta pakiti nzima, au anawasha mara tu akiamka, aanze na 18 hadi 20. Aliyekuwa anavuta tano au sita kwa siku, 6 hadi 12 zinamtosha. Vile vifaa vya kuvuta na kutupa mara nyingi huandikwa asilimia 5, yaani miligramu 50, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye nchi za Umoja wa Ulaya. Viache.

*Kosa la kawaida:* kuanza na nikotini ndogo sana kwa kuogopa. Siku ya pili mtu anazidiwa, anarudi kwenye sigara, anasema vepu haifanyi kazi.

4. Nunua maji yenye lebo, na usichanganye kitu. Safari yangu ya kwanza nilinunua chupa isiyo na jina kwenye duka moja kwa sababu bei yake ilikuwa rahisi. Nilikohoa siku tatu, koo likawaka kama nimemeza pilipili, nikarudi kwenye sigara na kukaa miezi minne mingine. Angalia jina la mtengenezaji, kiasi cha nikotini, viambato na tarehe ya mwisho. Viambato viwe propilini glikoli, gliserini, nikotini na ladha. Usitie mafuta ya aina yoyote. Kati ya mwaka 2019 na Februari 2020 nchini Marekani watu zaidi ya 2,800 walilazwa au kufariki kwa kuharibika mapafu, na 68 kati yao walifariki. Sababu kubwa iliyopatikana ilikuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vepu za bangi. Mafuta hayana kazi ndani ya pafu.

5. Andaa kifaa. Weka koili mpya, idondoshee maji matone machache kwenye pamba yake, jaza tanki bila kufurika, kisha subiri dakika 10. Usipokuwa na subira, pamba kavu itaungua, na ule moshi wa pamba utakwenda moja kwa moja kifuani. Tuliozoea mashine tunajua: injini haiwashwi kabla oili haijafika inapotakiwa.

6. Jifunze kuvuta upya. Sigara unaivuta kwa nguvu na kwa haraka. Vepu inavutwa taratibu, sekunde tatu au nne, mvuke unakaa kwanza mdomoni, ndipo unaingia. Vuta mara mbili au tatu, weka chini, subiri dakika tano. Nikotini ya vepu kwa kawaida inapanda polepole kuliko ya sigara. Ukikosa subira utaivuta mfululizo mpaka kichwa kizunguke. Kukohoa siku za mwanzo ni kawaida.

7. Siku ya tarehe yako, sigara ziishe zote. Hapa ndipo watu wengi wanaponiangusha, na ndipo ninapotaka unisikilize kuliko mahali pengine popote. Usiku wa kuamkia siku hiyo toa kila kitu: pakiti, kiberiti, kipisi ulichobakiza juu ya dirisha. Mwambie mwenye kibanda anayekuuzia moja moja asikuuzie tena, hata ukimwomba. Kuanzia asubuhi ni vepu peke yake.

Najua utaniambia: "Fundi, nimetoka sigara 20 hadi tatu, si nimepunguza?" Umepunguza, ndiyo, na kama ni njia ya kufikia sifuri wiki hii, sawa. Lakini ukibaki pale, mwili haupati faida unayoifikiria. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba wa sigara 20. Sigara moja! Kifua nacho kinaendelea kupokea lami, na sasa juu yake unaongeza mvuke. Huyo hajahama. Ameongeza nyumba ya pili na zote anazilipia kodi.

8. Vuka siku tatu za kwanza. Arosto kali inakuwa siku ya pili na ya tatu, halafu inapungua taratibu ndani ya wiki mbili hadi nne. Utakuwa na hasira. Utagombana na mtu asiye na kosa. Waambie nyumbani mapema. Kiu ya sigara inapokuja, kwa kawaida inapita ndani ya dakika chache: kunywa maji, tembea, tafuna kitu, vuta vepu mara mbili.

Kwa ndugu zangu wa dagaa wanaolala ziwani, naelewa ugumu wenu. Baridi ya saa tisa usiku, taa zinawaka, kazi ni kungoja, na kila mtu chomboni anawasha. Beba chai ya tangawizi kwenye chupa, vaa vizuri, na kaa upande upepo unakotokea ili moshi wa wenzako usikufikie. Wiki ya kwanza, ukiweza, panga tarehe yako iangukie kipindi cha mbalamwezi mnapokuwa nchi kavu. Vepu weka ndani ya mfuko usioingiza maji, na kamwe usiivute wala kuichaji karibu na petroli. Usiichaji kwa waya uliounga mwenyewe kutoka kwenye betri ya sola. Nimeona betri ya simu ikilipuka kambini kwa mtindo huo, na hii ya vepu ni ya jamii ileile.

Jambo jingine kwa wanaovuka mpaka: Uganda ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015. Ukienda Kampala kwa biashara, kiache nyumbani na tumia bigijii za nikotini.

9. Pima kifua chako kila Jumapili. Huhitaji mashine. Chagua mlima mmoja, Mwanza haikosi mawe. Mimi nilitumia ngazi za Igogo. Panda kwa mwendo wako wa kawaida, hesabu umesimama kupumzika mara ngapi, andika. Siku ya kwanza nilisimama mara nne. Wiki ya sita mara moja.

Ujue pia unachokisubiri baada ya sigara ya mwisho. Mapigo ya moyo huanza kushuka ndani ya dakika 20. Kaboni monoksaidi kwenye damu hurudi kawaida ndani ya siku moja hivi. Kati ya wiki mbili na miezi mitatu mapafu huanza kufanya kazi vizuri zaidi. Kati ya mwezi mmoja na tisa kikohozi na kuhema hupungua. Ukikaa miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu inakuwa karibu nusu ya yule anayeendelea kuvuta. Hesabu hizi ni za aliyeacha kuvuta kabisa. Ukiwa bado kwenye vepu, kaboni monoksaidi itaondoka, lakini usidai mengine yote kabla hujashuka kwenye kivuko.

10. Shuka. Ukimaliza wiki nne bila sigara hata moja, anza kupunguza nikotini: kutoka 18 hadi 12, baada ya wiki tatu au nne hadi 6, kisha 3, kisha sifuri. Usishuke kwenye kipindi cha msiba au mgogoro wa kazi. Ukiona kiu ya sigara inarudi, rudi hatua moja juu, usirudi dukani. Andika tarehe ya kuachana na kifaa chenyewe, na umpe mtu wako aishike.

Hatua hii wanairuka karibu wote. Kwenye utafiti mmoja wa Uingereza uliotoka mwaka 2019, waliofaulu kuacha sigara kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanavuta vepu mwaka mmoja baadaye. Kwa waliotumia bigijii na plasta, ni asilimia 9 tu waliokuwa bado wanazitumia. Wapo waliobaki kwenye vepu kwa sababu wakiitoa watarudi kwenye sigara, na huyo simlaumu, abaki mpaka awe na nguvu. Ila asibaki kwa kusahau.

Mambo yakienda mrama

*Kikohozi kimeongezeka baada ya kuacha sigara.* Vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia za hewa vilikuwa vimelemazwa na moshi, sasa vinaamka na kusukuma uchafu. Kunywa maji mengi. Kikipita wiki mbili, kapime.

*Koo na mdomo vimekauka.* Propilini glikoli inavuta maji. Kunywa zaidi, au tafuta maji yenye gliserini nyingi kuliko propilini glikoli.

*Kichwa kinauma, kichefuchefu, moyo unaenda mbio.* Nikotini imezidi. Weka chini saa nzima, kisha shusha nguvu.

*Ladha ya kuungua.* Acha hapohapo. Koili imekufa au tanki limekauka. Usijilazimishe kumalizia.

*Betri inapata moto au imevimba.* Iweke nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, usiichaji tena wala kuitoboa.

*Nimeteleza, nimevuta sigara moja msibani.* Moja si pakiti. Usiseme "basi nimeshaharibu." Andika kwenye daftari ilikuwa saa ngapi na ulikuwa na nani, kisha endelea na vepu kuanzia dakika hiyo. Ukiteleza kila siku, nikotini yako ni ndogo, ipandishe.

*Mtoto ameyaonja maji ya vepu.* Hospitali mara moja, usimtapishe, beba na chupa yenyewe waione lebo. Kiasi kidogo tu ni hatari kwa mtoto. Chupa hizi zinanukia kama pipi, kwa hiyo zifungiwe mahali asipofikia.

*Kifua kinabana, nakosa pumzi nikiwa nimekaa, nakohoa damu, au nina homa na kuhema.* Hapo hakuna vepu, hakuna sigara, hakuna kuniuliza mimi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Sekou Toure, au Bugando, saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Ukifika mweleze daktari ukweli wote: ulivuta sigara miaka mingapi, umetumia vepu muda gani, na maji gani. Beba kifaa mkononi umwonyeshe.